Kufuli la Mlango Wetu

Siku kipindi kilipotoka, mama mkwe alioga mapema, akavaa gauni lake la kutokea, akaketi wima mbele ya redio kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mjukuu alikuwa mapajani mwake, anatafuna kamba ya kitambulisho cha kazi cha mama yake. Huyo mama yake, ambaye kazi yake redioni ilikuwa kuhariri sauti, alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakuweza kukaa. Tangu amalize masomo ya jioni na kuchukuliwa kwa majaribio, hiki ndicho kilichokuwa kipindi chake cha kwanza kukihariri peke yake, mwanzo hadi mwisho. Na sauti kuu humo ndani ilikuwa ya mama wa mume wake.

"Hivi ni mimi kweli?" Mama mkwe alicheka alipojisikia. "Mbona nimekuwa kikongwe?"

"Redio inazeesha, mama."

"Inazeesha, au inasema kweli? Sogea, unanizibia."

"Redio haizibwi, mama. Unasikiliza, huangalii."

"Mimi naangalia."

Kipindi kilihusu moto wa kiwanda cha magunia, ule wa zamani, ambao wafanyakazi wa zamu waliungua ndani kwa sababu geti lilikuwa limefungwa. Tume iliundwa, ikakaa, ikanywa chai, ikapotea bila kutoa jibu. Mama mkwe alikuwa msichana wa kushona midomo ya magunia wakati huo, na alitoka hai kwa kuvutwa dirishani. Mhariri alikuwa ameutengeneza ule moto kwa mifuko ya plastiki iliyofikichwa karibu na maiki. Ulivyowaka redioni, hata mtoto aliacha kutafuna.

Kisha likaja swali la mwisho. Nani alifunga geti?

"Bawabu," ikasema sauti ya mama mkwe, kavu, bila kupumua. "Bawabu ndiye aliyefunga."

Baada yake, kufuli. Kri-kak. Kisha muziki.

Mhariri alitabasamu pale mlangoni, akisubiri kusifiwa. Alipotazama, mkono wa mama mkwe ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa mtoto, haupapasi wala haujaondoka.

"Hilo," mama mkwe akasema polepole, "ni kufuli la mlango wetu."

"Ndiyo, mama. Nililirekodi asubuhi ulipokwenda dukani. Limetoka vizuri, eti?"

"Na maneno yangu mengine yako wapi?"

Mhariri alijua yalipo. Alijua hata alivyoyaondoa, kipande kwa kipande, kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Mahojiano yale waliyafanya hapo hapo sebuleni. Wenzake kazini walirekodi studio, kwenye chumba chenye kuta za sponji, lakini yeye siku ile hakuwa na wa kumwachia mtoto. Mlezi wa mtoto alikuwa bibi, na bibi ndiye aliyekuwa anahojiwa. Mume alikuwa safarini na lori lake. Basi alizima feni, akatandika blanketi mezani kupunguza mwangwi, akamwomba Mungu mtoto alale.

Mtoto hakulala. Alivumilia moto wote, akavumilia dirisha na waliobaki ndani, lakini bibi yake alipoulizwa habari ya geti akaanza kunung'unika. "Watu walisema," mama mkwe alianza, na mtoto naye akaanza. "Bawabu. Bawabu ndiye aliyefunga." Hapo mtoto alikuwa amenyamaza kidogo, anatafuta kidole chake. "Ndivyo tulivyoambiwa," mama mkwe aliendelea, na mtoto akarudia kulia. Kisha mama mkwe alikaa kimya. Alikaa kimya hadi mhariri akatazama kinasa sauti kuona kama taa bado inawaka. Hatimaye, katikati ya kilio cha mtoto, akasema: "Mimi sikumwona. Nilikuwa nimeshika vyuma vya lile geti kwa mikono hii, na sikumwona mtu yeyote akilifunga. Nisimseme marehemu."

Kazini walikuwa na mzaha wao. Siku alipokuja na doa la maziwa begani, fundi mitambo mmoja alimuuliza kama siku hizi wanarekodi kwenye studio ya nepi. Wote walicheka, naye akacheka kuliko wote, kisha akaenda chooni kusugua lile doa mpaka blauzi ikachanika. Kwa hiyo alipokaa kwenye kompyuta na kusikia sauti ya mwanawe ikipanda juu ya sauti ya bibi yake, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa hili: watasikia. Akakata kila mahali mtoto alipogusa. Sauti ikishafika kwenye kompyuta inakuwa michoro tu, vilima na mabonde, na ni rahisi kusahau kwamba kilima ni cha mtu. Kilichobaki kilikuwa safi kama sahani iliyooshwa.

Lakini tusimwonee huruma mapema. Kidole chake kilisita. Alirudia kusikiliza, akaona kabisa kwamba maneno yamegeuka, na angeweza kuacha. Ndipo mtayarishaji wa vipindi akapita nyuma yake. Huyu waliyemwita Dakika, kwa sababu hakuna alichokipenda kama saa ya ukutani, aliinama, akachukua hedifoni, akasikiliza.

"Hapo!" akasema. "Malizia hapo hapo. Mlango ufungwe usoni kwa msikilizaji. Tia na kufuli."

Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa mbele ya watu. Akaenda nyumbani kutafuta kufuli.

Sasa mama mkwe alizima redio kabla majina ya watayarishaji hayajasomwa. Hakufoka. Heri angefoka. Alimkabidhi mtoto kwa mama yake, akaingia chumbani kubadilisha gauni.

Kesho yake kulikuwa na kitambaa kwenye kiti cha nje.

Kilikuwa kile cha bluu ambacho mhariri alikipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani, mwanamke waliyemwita Mama Pindo kwa sababu nguo haikutoka kwake bila yeye mwenyewe kukagua pindo lake, hata kama mteja anasubiri na viatu mguuni. Mtoto alikuwa amepimwa kwa ajili ya suti ndogo. Sasa kitambaa kilikuwa kimerudi bila kukatwa, kimekunjwa pembe kwa pembe, na alama za chaki zimepigwa brashi mpaka zimefutika.

"Labda ana kazi nyingi," mhariri akasema.

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso. "Yule bawabu ni baba yake."

Mhariri aliketi chini, pale pale aliposimama.

Yeye alikuwa ameolewa mtaani hapa, mambo mengi alikuwa hajayajua. Hakujua kwamba bawabu alifukuzwa kazi bila kushtakiwa, akaishi miaka mingi akitemewa mate, akafa hajasafishwa jina. Alichojua ni kwamba mama mkwe na Mama Pindo walikuwa wakikaa benchi moja nje ya chumba cha cherehani kila alasiri, wakisengenya dunia nzima kwa haki na usawa. Hakujua kwamba katika masengenyo hayo yote, moto haujawahi kutajwa.

"Sikuwahi kupata pa kumwambia," mama mkwe alisema, vidole vikiendelea kwenye mchele. "Ningeanzaje? Nimwambie, dada, baba yako mimi sikumwona? Ningekuwa nimemtonesha bure. Uliponiletea hicho kinasa sauti chako nikasema, haya, Mungu ameniletea njia. Nitalisema redioni, atalisikia, wala sitalazimika kumtazama usoni." Akapuliza makapi. "Ndiyo maana nilivaa."

Maneno hayo matatu ya mwisho yalimkata mhariri kuliko yote.

Akaenda. Alijikaza, akambeba mtoto mgongoni, akafika kwenye kile chumba cha cherehani ambacho upande mmoja kimegusana na duka la vocha. Kabla hajafungua kinywa, simu ya kijana mmoja pale dukani iliita. Kri-kak. Wenzake wakaangua kicheko. "Mjumbe wa bawabu huyo!" mmoja akasema. Walikuwa wamelikata lile kufuli kutoka kwenye kipindi na kulifanya mlio wa ujumbe. Kumbe kukata ni kazi rahisi, hata haihitaji masomo ya jioni.

Mama Pindo alikuwa kwenye cherehani yake, mguu juu ya kanyagio, miwani imeteremka puani.

"Mama Pindo, nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kile kipindi. Ni mimi niliyekihariri. Mama hakusema vile. Alisema mengine, mimi nikayakata."

Cherehani iliendelea kunguruma. Mama Pindo alifika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akaigeuza nguo.

"Alisema nini?"

Mhariri akamwambia. Alimwambia yote, hata habari ya kilio cha mtoto na studio ya nepi, na kadiri alivyoeleza ndivyo sababu zake zilivyozidi kuwa ndogo, mpaka akanyamaza mwenyewe.

"Nina rekodi kamili kwenye simu," akaongeza. "Nikuwekee usikie?"

"Mimi?" Mama Pindo alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mimi nisikie ili iweje? Kwani uliniambia mimi peke yangu? Uliwaambia watu. Hao hapo mlangoni uliwaambia. Unaniletea mimi simuni, kwa sauti ya chini, kama umbea?" Akairudisha nguo chini ya sindano. "Nenda kaseme huko huko uliposemea."

"Mama Pindo..."

"Na huyo mtoto mfunike kichwa, jua kali."

Mhariri alimfunika mtoto kichwa. Njia nzima ya kurudi ni hilo lililomchoma, kwamba hata katika hasira yule mama aliliona jua.

Kazini alimkuta Dakika ana furaha. Simu za wasikilizaji zilikuwa zimemiminika, na wakubwa ghorofani wameuliza jina la mhariri.

"Kaa, kaa. Kufuli lako limekuwa maarufu kuliko mimi."

"Bosi, kipindi kina uongo."

Dakika alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mhariri hakuketi. Aliunganisha hedifoni kwenye simu yake, akampa, akabonyeza. Akasimama pale akimtazama mkuu wake akisikiliza mtoto wake akilia. Ile sauti ilivuja kidogo pembeni ya hedifoni, nyembamba, yenye njaa, na fundi mitambo aligeuka kwenye kiti chake kuangalia inatoka wapi.

Dakika alizivua taratibu. "Ulinipa kilichokwisha kukatwa."

"Ndiyo."

"Mimi nilisema malizia hapo kwa sababu nilidhani hapo ndipo mwisho."

"Ndiyo, bosi. Mimi nilijua kuna mbele."

Angeweza kupunguza kidogo. Angeweza kusema uliniharakisha, na isingekuwa uongo mtupu. Lakini alikuwa amechoka kukata.

Dakika alitembea hadi dirishani, akarudi. Alisema watatoa tangazo fupi la masahihisho. Mhariri akasema tangazo fupi halitasikika, watu watakuwa wanakwenda kuchota maji. Dakika akasema wataweka maandishi kwenye mtandao. Mhariri akasema Mama Pindo hana mtandao, ana redio.

"Sasa unataka nini?"

"Marudio ya Jumamosi. Jibu la mama litoke lote, na kimya chake."

"Kimya chote kile? Unajua msikilizaji akisikia kimya anafanya nini? Anapiga betri makofi! Anahama stesheni!"

"Ahame."

Dakika alimtazama huyu mwajiriwa wa majaribio mwenye kamba ya kitambulisho iliyotafunwa. "Na mtoto?"

"Mtoto yumo. Nikimtoa yeye, maneno yanatoka naye. Wameshikana."

Dakika alizungusha kalamu. "Sawa," akasema mwishowe. "Ila mtangazaji wangu simtii humo. Yeye hakukosea. Aliyekata ndiye aseme. Utaingia studio, utasema kwa sauti yako umefanya nini. Halafu habari ya kazi yako tutaizungumza wiki ijayo, na sikuahidi kitu."

Sasa, mhariri huyu alikuwa ameichagua kazi ya kuhariri kwa sababu moja kubwa: haisikiki. Aliichukia sauti yake. Alirekodi mara ya kwanza ikatoka kama ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu alikohoa katikati, fundi mitambo akamwonyesha ishara kupitia kioo kwamba kikohozi wanaweza kukitoa. Mhariri akatikisa kichwa kukataa. Fundi yule hakufanya mzaha. Mhariri alipotoka nje, fundi alimshikia mlango, akasema tu, "Wangu ana miezi saba. Halali huyo, ni balaa." Ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha, na mhariri aliipokea kwa sababu na yeye alikuwa njiani kwenda kuomba wa kwake.

Jumamosi alasiri mama mkwe alivaa tena lile gauni la kutokea. Akaichukua redio kutoka juu ya kabati, akaikumbatia kifuani kama kuku wa kupeleka sokoni, akatoka.

"Mama, unaenda wapi nayo?"

"Kwenye benchi langu."

Mhariri akafunga mlango nyuma yao. Kufuli likalia ule mlio wake. Kila siku tangu kipindi kile alikuwa anakifunga kile kitu kwa kukifunika na kiganja, lakini bado kililia.

Mama Pindo aliwaona wanakuja, akainamia cherehani. Hakuwakaribisha wala hakuwafukuza. Mama mkwe aliketi kwenye benchi, mahali pake, pale ubao ulipolika kwa makalio yake, akaweka redio katikati kwenye nafasi ambayo huwa ya Mama Pindo. Mhariri alibaki amesimama kando na mtoto. Vijana wa duka la vocha walinong'onezana.

Kipindi kikaenda hewani. Moto wa plastiki ukawaka. Cherehani haikusimama; mguu wa Mama Pindo ulikanyaga na kukanyaga, ikawa vigumu kusikia maneno, na mama mkwe hakuongeza sauti.

Kisha mhariri akajisikia mwenyewe, mwembamba, anakohoa. "Mimi ndiye niliyehariri kipindi hiki. Kwenye jibu la mwisho niliondoa maneno ya mama aliyehojiwa kwa sababu mtoto wangu alikuwa analia na niliona aibu. Mlichosikia mara ya kwanza hakikuwa alichosema. Alichosema ni hiki."

Aliinamisha kichwa. Alijua watu wanamtazama, na hakuwa na hedifoni ya kujifichia.

"Watu walisema," redio ikasema, na mtoto ndani yake akaanza kunung'unika. "Bawabu. Bawabu ndiye aliyefunga. Ndivyo tulivyoambiwa."

Halafu kimya.

Kimya kile kilikaa. Ndani yake kulikuwa na pumzi ya mama mkwe, na kiti kilicholia kidogo, na mtoto. Mmoja wa wale vijana akageuka kutaka kusema kitu, mwenzake akamkanyaga mguu. Na katikati ya kimya hicho mhariri akagundua kwamba hasikii cherehani. Mguu wa Mama Pindo ulikuwa umesimama juu ya kanyagio. Sindano ilikuwa imechomoka nusu kwenye kitambaa.

"Mimi sikumwona. Nilikuwa nimeshika vyuma vya lile geti kwa mikono hii, na sikumwona mtu yeyote akilifunga. Nisimseme marehemu."

Hakukuwa na kufuli. Muziki ukaingia, tangazo la sabuni likafuata, mama mkwe akazima.

Mtoto, aliyekuwa amejisikia akilia, alitazama huku na huku akimtafuta huyo mwenzake.

"Rudisha pale," Mama Pindo akasema. "Pale aliponyamaza."

"Hairudi, Mama Pindo," mhariri akasema. "Ni redio."

"Najua."

Mhariri alikuwa na rekodi nzima mfukoni, angeweza kuitoa simu, lakini alielewa kwamba siyo hiyo aliyoombwa. Aliloombwa kurudisha lilikuwa jioni ile ya kwanza, na lile kri-kak kwenye kila simu ya mtaa, na hilo halikuwa na kitufe. Akasimama na aibu yake. Ilikuwa nzito ile ile, ila sasa alikuwa ameibeba mahali pake, mbele ya aliyekosewa.

Mama Pindo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo ya mteja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Akainuka, akazunguka cherehani, akafika kwenye benchi. Aliiondoa redio, akaiweka chini, akaketi.

Wale wawili walikaa bega kwa bega wakitazama barabara. Mikono ya mama mkwe ilikuwa mapajani, viganja juu, kama mtu aliyeulizwa ameshika nini.

"Vyuma vilikuwa vya moto?" Mama Pindo akauliza.

"Vilikuwa vya moto."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza, dada."

"Ningekuulizaje?"

Mhariri alimhamishia mtoto bega la pili, akaanza kuondoka kimya kimya. Kwa mara ya kwanza tangu aijue kazi yake, alikuwa ameona mazungumzo ambayo hayakumhitaji hata kidogo. Alikuwa amefika kona ya duka la vocha Mama Pindo alipomwita, bila kugeuka.

"Wewe. Huyo mtoto amekua. Vile vipimo havifai tena."

Mhariri alisimama, hajui kama ni ruhusa au ni lawama.

Nyuma yake simu ya mtu iliita, kri-kak, na mwenye simu akahangaika kuizima.